Jiwe la Kusugulia Liwa

Mwaka wa pili wa uhuru wa Wamalagasi, ndani ya basi la kwenda mtaa wa Mangarivotra, Bi Hadjira alimwonyesha mwalimu aliyeketi kando yake jiwe jeusi, zito kuliko ukubwa wake. Walichanganya Kingazija na Kimalagasi, nami niliyekaa nyuma yao na mwanangu naandika nilivyoelewa. Mume wa Bi Hadjira alilileta kutoka machimbo ya urani kule kusini. Kila asubuhi Bi Hadjira husugua juu yake kijiti cha liwa, mti wa kunukia, kwa maji, akampaka usoni binti yake, ambaye harusi yake ni Ijumaa.

"Acha, mama," mwalimu alisema. "Jiwe hilo linavunjika ndani kwa ndani."

"Nani analivunja?"

"Hakuna. Kiini cha chembe yake kimejaa mno, vilivyomo vinasukumana. Ghafla kinatupa kipande nje, nacho hudhuru mwili."

"Lini?"

"Kwa chembe moja, hakuna ajuaye. Labda leo, labda baada ya miaka milioni elfu."

Bi Hadjira alicheka. "Na harusi ni Ijumaa! Unanitisha bure, baba."

"Lakini chembe ni nyingi, mama. Kila sekunde zipo zinazovunjika."

"Si umesema hakuna ajuaye?"

"Moja haijulikani. Zote pamoja zinajulikana."

Nina diploma, na hapo nilipotea mimi pia. Hata hivyo nilimsogeza mwanangu dirishani.

"Basi nishikie mpaka Jumamosi," alisema Bi Hadjira, akimnyooshea jiwe.

Mwalimu alirudisha mikono nyuma. Bi Hadjira aliiona ile mikono.

Basi likasimama. Alishuka na jiwe lake kikapuni, kikapu amekishika mbali na mwili.