Filimbi Yangu Sitaivua

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi. Mwenyekiti ameomba niseme machache kabla hatujapanda boti kwenda kisiwani. Nitasema, na nitasema nikiwa nimevaa jaketi langu la kujiokolea hivi hivi. Naona mnavyokonyezana. Konyezaneni tu, nimezoea.

Ndugu zangu, mimi mnayeniona nilishatupwa majini na boti kama hiyo. Tulikuwa kikundi cha akina mama kama ninyi, tumeshona vitenge vya sare, tunakwenda kula samaki na kupiga picha. Nahodha akagawa majaketi ya kujiokolea, wenzangu wakayakalia. Ati yanaficha mshono. Mimi sijui kuogelea hata kwenye beseni, kwa hiyo nikavaa na kufunga mikanda yote, mpaka ule wa mapajani. Wifi yangu alinicheka hadi machozi. Akaishika filimbi iliyoning'inia kifuani, akaniuliza kama nitachezesha mpira. Kisha akanikumbusha mwiko wa kwao, kwamba mwanamke hapigi mluzi wala filimbi, anaita mabaya.

Katikati ya maji upepo ukageuka. Nahodha alituambia tukae, lakini mmoja alishainua simu, na wote wakahamia upande mmoja ili watokee kwenye picha. Boti ikalala. Jamani, maji ya ziwa hili yakikuingia puani unasahau hata jina la mumeo. Nilipoibuka, wenzetu walikuwa wameng'ang'ania ubavu wa boti, ila wifi na mimi mawimbi yalishatusukuma mbali, naye alikuwa anazama. Nikamdaka kwa kitenge chake, nikamgeuza, nikamkumbatia kwa nyuma. Jaketi likashuka mpaka maji yakanifika kidevuni, lakini halikutuachia.

Nikaita, upepo ukachukua sauti yangu. Ndipo nikaikumbuka filimbi. Nawaambia, pale sikumuuliza mtu mila inasemaje. Nilipuliza mpaka midomo ikachanika, na wavuvi waliokuwa wakitegua nyavu zao wakaisikia, wakageuza mtumbwi. Walituopoa sisi, wakawafuata na wenzetu. Tulirudi wote hai.

Mngedhani nilishukuriwa, eti? Ukweni wakasema mimi ndiye niliyeita ajali. Eti nilivaa kama mtu aliyekwenda kuitafuta, halafu nikapuliza. Mtaani kwetu Kiseke watu wakaanza kunipisha njiani kama nimebeba ugonjwa. Maneno yale yaliniingia, sitawaficha. Nikaacha kushuka mwaloni, wavuvi wanakotia nanga, kuchukua samaki wa kuuza, biashara ikafa. Hata kujimwagia maji usoni nikawa siwezi. Mume wangu ndiye aliyekuwa akininawisha kwa kitambaa, mtu mzima mimi, huku nalia kwa hasira.

Ukoo ukaitisha kikao. Mjomba wa mume wangu akasema nisafishwe kwa dawa na niombe radhi mbele ya wote. Wifi yangu, ambaye tangu siku ile hakuwa ameligusa jambo hilo, akasimama.

"Anayetaka huyu aombe radhi," akasema, "aseme kwanza kwamba alitaka nife."

Mjomba alichukua fimbo yake akaenda zake, na hadi leo radhi hiyo hawajaipata.

Kesho yake wifi alinishika mkono mpaka ziwani. Siku hiyo maji yalinifika kwenye vifundo tu, nikakimbia. Tukarudi tena na tena, mpaka yakafika kiunoni. Leo nauza samaki wangu na boti napanda. Msidhani hofu imekwisha. Ipo, lakini haiamui tena niende wapi.

Nawashukuru wavuvi wale. Namshukuru mume wangu. Na wifi yangu, yule pale aliyefunga mikanda tangu nyumbani, Mungu ampe maisha marefu. Ninyi nawaachia hili: jaketi si mto wa kukalia. Livaeni mkiwa bado nchi kavu, mfunge sawasawa, na filimbi iwe karibu na mdomo. Boti ikiwa na majaketi pungufu, shukeni, hata kama nahodha ni shemeji yenu. Na atakayewacheka, acheni acheke, mradi mpo mnamsikia.

Sasa nahodha anasubiri, na majaketi yanatutosha wote. Aliyevaa apande. Asiyevaa akae hapa hapa ufukweni, tutamletea sato.