Kaluki Muli na Kayaba za Mpakani

Mimi ni Mutheu, binti wa kwanza wa marehemu Kaluki Muli, na ndimi nitakayesoma wasifu wake. Wazee wa ukoo walitaka aya moja itolewe. Imeshachapishwa, kwa hivyo fungueni kijitabu mfuate.

Mama alizaliwa tarehe 3 Mei 1956 hapa Katangi, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Maundu na Kavindu. Alisoma hadi darasa la saba, kisha akajifunza ushonaji.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa kanisani na baba yetu, marehemu Muli, wakajaliwa watoto watatu. Kuanzia 1996 alishona nguo kiwandani EPZ Athi River, hadi alipostaafu mwaka wa 2010.

Lakini aliyemjua Mama alijua kayaba zake, miti ya miiba ya kuzungushia shamba. Mbegu alizitoa kwa matunda ya Lukenya, akazipanda kwenye mpaka ambao babu aliwaonyesha baba na mdogo wake, Ndunda. Kila Oktoba, kabla ya mvua, alizipogoa mwenyewe. Matawi yaliyozeeka aliyakata chini kabisa, machanga akayaacha, na juu akasawazisha zisipite kiuno. Wengine huziacha ziwe ukuta. Yeye alisema, "Nisipoona mtu akipita, nitamsalimia aje?" Mjukuu wake Tracy alipomtania kwamba kayaba zinaenda kinyozi mara nyingi kuliko mjomba Mike, Mama alicheka mpaka akaweka makasi chini.

Julai 2025 figo zilimlaza hospitalini. Agosti, Mama akiwa bado kitandani, Ndunda alileta watu na panga, wakafyeka kayaba zote hadi visikini, akapiga vigingi vyake ndani ya shamba letu. Huyu ni shemeji aliyekula kwa meza ya Mama miaka yote. Mama aliporudi aliomba kiti kiletwe nje. Akaangalia, akaniambia, "Mutheu, siku yangu ikifika, Ndunda asinipandie maua." Ndunda alikuwa amesimama hapo hapo. Akajibu, "Shemeji, si ni vichaka tu?"

Vichaka tu, sawa, lakini kayaba haifi kwa panga. Mvua ya Novemba ilinyesha, visiki vikachipuka, na leo kila mtu aliyekaa kwa hema anaona mpaka uko wapi. Nilifurahi sana, na sifichi.

Mama alitutoka tarehe 9 Januari 2026, nyumbani kwake, nikiwa nimemshika mkono.

Ameacha watoto: Mutheu, Mike na Winfred, wajukuu wanne, na dada yake Mukai. Shemeji hatukumhesabu. Kaburi likishafukiwa, watu wa familia wataitwa mmoja mmoja kupanda maua. Ndunda atangoja jina lake mpaka mwisho, na halitaitwa. Abaki amekaa hapo mbele, tumwangalie.

Mama yetu apumzike kwa amani. Wewe, Ndunda, hiyo hatujakuombea.