Swali la Kaluki

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, mlio Kitui na mlio Makueni. Leo tunamkumbuka Musembi Kiema wa Matiliku, fundi wa maabara, aliyetutoka mwaka wa 1996. Jumamosi hii familia yake inakutana kumwombea.

Musembi alianza kazi ya maabara mwaka wa 1966. Alipima damu na makohozi ya watu wengi. Kisha, mwaka wa 1978, mkewe Kaluki akaota uvimbe kwenye titi. Ilikuwa saratani.

Kaluki alitiwa dawa Nairobi. Nywele zikamtoka, lakini uvimbe ukanywea, ukapotea kabisa. Akarudi shambani, akapanda mbaazi, akazivuna mwenyewe. Miezi kumi na mmoja, wasikilizaji! Halafu uvimbe ukarudi. Dawa ni ile ile, ugonjwa ni ule ule, lakini sasa ilikuwa kama anatiwa maji.

"Baba Ndinda," alimwuliza mumewe, "wewe ndiwe mwenye hadubini. Mbona dawa imenikataa?"

Musembi alichukua vioo viwili vyenye seli za Kaluki: za kabla ya dawa, na za baada. Alivitazama mpaka macho yakamwuma. Hakuona tofauti.

"Sijui, Kaluki."

Kaluki akacheka kidogo. "Afadhali wewe. Wengine wote wananidanganya."

Alizikwa Machi 1980. Musembi hakuoa tena. Binti yao, Ndinda, anatuambia: "Kila Jumapili baada ya kanisa alivitoa vile vioo, akavitazama dirishani. Tukimwambia aoe, anasema, 'Bado nina swali la mama yenu.'"

Aliwauliza madaktari wengi. Akafa bila jibu.

Siku hizi wataalamu wanaeleza kwamba ndani ya seli mna chembe ndogo mno, maikro-RNA, zinazosaidia kutuliza jeni. Zikivurugika, saratani yaweza kuihimili dawa iliyokuwa ikiiua. Hiyo ni sehemu tu ya jibu. Na chembe hizo, hadubini ya Musembi isingeziona kamwe.

Nilimsomea Ndinda maelezo hayo. Akasema: "Baba angesikia hayo, asingemaliza chai. Angeenda moja kwa moja kaburini, akamwambie mama."

Ndinda, pole sana, wewe na jamaa wote wa Matiliku. Nawe msikilizaji, kama kuna aliyeondoka kabla hujapata la kumjibu, mtaje sasa kwa jina lake. Tutanyamaza nawe.