Mashine Tuliyoiacha Crato

Sogeeni wanangu, na wewe Valdeci zima hiyo redio, maana tangu jana uliponiambia umechagua mashine ya mota kwa ajili ya duka letu la kuchapa, moyo wangu haujatulia.

Mwaka tuliooana mimi na marehemu baba yenu Honorato, tulikwenda Crato kuchagua mashine ya kwanza, na katika banda la Abdoral zilikuwamo mbili, moja ya kukanyaga kwa mguu, nyingine ya mota, inang'aa kama bibi harusi. Na kwa kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, Abdoral hakuisifu ile ya mguu hata kwa neno moja. "Dona Zulmira," akaniambia akicheka, huku akiilisha ile ya mota karatasi bila kuitazama, "hii inakula kuliko mbuzi!" Ikamla. Mama wa Mungu, ikamla! Sikusikia ukelele, nilisikia mota tu, ikifungua kinywa, ikifunga, kama hakuna lililotokea, mpaka Honorato alipong'oa waya ukutani. Mtu alikuwa anacheka, wanangu, kicheko hakijaisha, na mkono hauna vidole.

Abdoral, sakafuni, mweupe kama karatasi, akasema, "Inunueni, bado nzima." Bado nzima! Na baba yenu akanitazama, anauliza kwa macho! Nikamwambia, "Ukiichukua hiyo, utalala nayo wewe."

Tukabeba ya mguu. Walitucheka kwamba tunachapa kwa mwendo wa kobe, lakini vile vijitabu vya mashairi tulivyochapa, vilivyoning'inia kambani sokoni, ndivyo vilivyowalisha ninyi. Teófilo, nduguye Abdoral, alitangaza kuwa kijicho changu ndicho kilichomponza kaka yake. Nimemsamehe, msiurithi ugomvi huo.

Duka ni lenu wote wawili. Mashine ya mguu ni ya Ivonete, isiuzwe chuma chakavu. Nawe Valdeci, kabla hujalipia hiyo ya mota, simama mbele yake ikiwa imezimwa, unyooshe mkono; kama huifikii swichi bila kuinua mguu, iache hapo hapo, hata wakupe bure.

Nipeni maji... Kadi za maziko yangu chapeni kwa mguu. Ivonete aweke karatasi, Valdeci ukanyage... taratibu, baba. Mungu awa... awabariki, awape kazi na usingizi. Na waombolezaji wakinung'unika kwamba kadi zinachelewa... waambieni mama... hana haraka.