Upande wa Ziwa, Upande wa Volkano: Ndege ya Mzee Valentin

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mzee Valentin Kayitare, dereva wa Chuo chetu cha Ufundi Ikirunga hapa Rugerero, anastaafu baada ya kututumikia kwa miaka ishirini na tisa. Kamati ya ustawi wa wafanyakazi imenipa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu nafundisha Kiswahili na kwa sababu, walivyosema, mimi ndiye ninayemfahamu zaidi. Hilo la pili lina walakini. Miaka yangu yote hapa nimekaa kiti cha mbele cha basi lake kwa ajili ya kichefuchefu, na bado mengi ya mzee huyu nikiyafikiria nabaki nimeduwaa.

Hata namna alivyopata udereva haieleweki. Alirudi kutoka Masisi, ng’ambo ya mpaka, alikozaliwa, akaja kuomba kazi ya useremala. Wakampima kwa kumpa dawati atengeneze. Dawati lilikuwa safi, likasifiwa na kila aliyelikalia, kisha akakabidhiwa funguo za gari. Nimewauliza wakubwa wa enzi zile sababu, kila mmoja akanipa yake, na hakuna inayofanana na ya mwenzake. Mwenyewe anacheka tu: “Bon, mi nilifikiri ni funguo ya stoo ya mbao.”

Basi la chuo amelipeleka Kigali, Musanze, Karongi, na kwenye matope ya Bugeshi wakati wa kuvuna viazi. Halijawahi kumwacha mtu njiani. Limeharibika, ndiyo, tena mara nyingi, lakini yeye halali mpaka abiria wa mwisho afike kwake. Kila tukifika, hata kama ni hapo sokoni tu, huzima injini na kutangaza: “Tumefika. Mutu asisahau mufuko yake.” Siku akiwa na homa alitangaza kwa kunong’ona, lakini alitangaza.

Kuna safari moja lazima niitaje, maana nisipoitaja mimi wataitaja wengine kwa chumvi zaidi. Tulikuwa tunakwenda Busasamana kumpongeza mwenzetu aliyejifungua, na mimi ndiye niliyekuwa naonyesha njia. Mimi kulia na kushoto huvichanganya tangu darasa la kwanza. Tuliingia kwenye ua wenye watu wengi na nyimbo, tukakaribishwa, tukala, tukanywa, mkuu wa chuo akatoa hotuba ndefu ya kumsifu mtoto. Baadaye ndipo tulipofahamu kwamba ile ilikuwa harusi, na kwamba bibi harusi alikuwa anajiuliza nani ametoa siri yake. Tulipanda basi bila kuaga. Mzee Valentin hakunigombeza, ila tangu siku ile aliweka sheria: “Mu bus yangu kushoto haiko, kulia haiko. Iko ziwa na iko volcan.” Ziwa utaliona chini, volkano utaiona juu, na kwa sheria hiyo hatukupotea tena.

Mwaka jana macho yake yakaanza kumtupa mkono. Daktari alimwambia kwamba ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi. Kitu cha karibu anakiona akikileta puani, lakini vya mbali vyote anaviona kama vimemwagiwa maziwa. Alirudisha funguo mwenyewe, akaziweka mezani kwa mkuu wa chuo, akatoka. Iliniuma sana kumwona siku iliyofuata akipanda basi kwa mlango wa abiria.

Wiki hiyo hiyo akahamia karakana ya useremala. Akachora kitu kwa chaki sakafuni, kirefu kuliko mimi nikinyoosha mikono yote miwili. Wengine tulidhani ni mlango. Vénantie, mkuu wa jiko, alidhani ni jeneza, akaanza kumwombea. Kumbe ni ndege, ndogo, ya kuongozwa kwa rimoti. Nilimuuliza ndege ya nini, akanijibu kwamba anataka kuendesha kitu mara moja tena kabla hajaondoka, akipeleke na kukirudisha kizima, kwa mikono yake. Nilisema nimeelewa. Sikuelewa hata kidogo, lakini nilimwonea huruma.

Mwili na mabawa aliyachonga kutoka kwenye frigolite, ile nyeupe nyepesi inayokuja na televisheni ndani ya boksi. Uti wa mabawa ulikuwa vijiti vya brosheti, yaani vya mishikaki, ambavyo Vénantie alimpa kwa mafungu. Magurudumu yalitoka kwenye kandambili. Donat, mwalimu wa umeme, alileta mota, betri na rimoti, akamwambia aongeze upana wa mabawa kwa sababu hewa yetu ya milimani ni nyepesi. Nilijiuliza hewa hiyo nyepesi ndiyo ipi, kama si hiyo hiyo iliyong’oa mabati ya bweni mwezi wa tatu.

Ndege ikitengenezwa lazima isimame sawa juu ya vidole viwili, mkia usizidi pua kwa uzito. Ya kwanza mkia ulizidi. Mzee akachukua kiazi cha Bugeshi, akakikata, akakisokomeza puani mpaka vidole vikakubali. Kisha mvua ikanyesha wiki nzima na ndege ikakaa juu ya kabati. Jua lilipotoka tukaenda kuirusha. Ilipanda ikitazama mbinguni, ikasimama angani kama mtu aliyesahau anakokwenda, ikaanguka kwa mgongo. Tulikwaruzana sana kutafuta kosa mpaka Vénantie alipokitoa kiazi puani. Kilikuwa kimekauka na kujikunja, hakina uzito wowote. Ya pili iliwekewa nati kuukuu za magurudumu ya basi, ikapakwa rangi ya njano.

Ruhusa ya serikali ya kuirusha ilitolewa kwa mara moja tu, kwa sharti kwamba isivuke mikaratusi iliyo upande wa volkano, maana huko mbele kuna mpaka, na mpaka hauna mzaha. Donat alijitolea kushika rimoti. Mzee Valentin alikataa katakata. Walipatana kwamba Donat awe macho yake, amwambie igeukie wapi.

Tulipanga kuirusha asubuhi, kabla ya upepo wa ziwa. Wageni walioalikwa kutazama wakachelewa, na upepo ukawahi. Donat aliitupa kwa mkono, mota ikalia kama mashine ya kinyozi, ikapanda, ya njano na nzuri. Jirani mmoja, akidhani ni moja ya zile ndege zisizo na rubani zinazopeleka damu hospitali, aliuliza kutoka ng’ambo ya ua: “Iko inaleta damu hospitali?” Vénantie alipiga makofi, kisha akafunika uso kwa aproni.

Ndege ilipokuwa inatupa mgongo, kushoto na kulia vya Donat vilifaa. Ilipogeuka ikawa inatutazama, kushoto kwa Donat hakukuwa tena kushoto kwa ndege. Amenieleza jambo hili kwa vidole mara nyingi na bado linanizungusha. Nilichokiona ni kwamba kila aliposema irudi, ilizidi kwenda. Alipiga kelele, akajisahihisha, akajisahihisha tena. Upepo ukaishika, ikawa inaelekea mikaratusi. Vidole vya Mzee Valentin vikasimama. Hakumuuliza Donat. Aliniuliza mimi: “Mwalimu, iko wapi?”

Sikujua kama ni kushoto au kulia. Mdomo ulifunguka wenyewe: “Volkano, Mzee! Inakwenda volkano! Kata ziwa!”

Akafumba macho kabisa. Kidole kikasogea, bawa la njano likainama juu ya mikaratusi, na ndege ikarudi. Kuanzia hapo tuliendesha kama siku zote. Ziwa kidogo. Nyoosha. Jiko liko mbele, punguza. Ikagusa nyasi, ikaruka mara moja, ikaburuzika mpaka karibu na kamba ya nguo, ikatulia.

Chuo kizima kikalipuka kwa kelele. Yeye alibaki amesimama, vidole vimekazana kwenye rimoti, kwa sababu watu hupiga kelele hivyo hivyo kitu kikivunjika, na hakuna aliyekumbuka kumwambia. Nilimshika mkono nikasema: “Tumefika, Mzee. Mutu asisahau mufuko yake.” Akalia. Nami nikalia, mbele ya wanafunzi wangu.

Baadaye Donat alimuuliza amewezaje akiwa amefumba macho. Alijibu: “Donc, mi sikukuwa chini. Nilikuwa ndani. Na Mwalimu alikuwa kiti ya mbele.”

Mzee Valentin, asante kwa kila asubuhi uliyotungoja na kila jioni uliyotufikisha. Tunakutakia maisha mema, afya njema na upepo wa kiasi. Mkuu wa chuo amekubali tuombe ruhusa nyingine, na siku hiyo basi litakupitia nyumbani, wewe na ndege yako. Kiti cha mbele ni chako sasa. Mimi nitakaa nyuma na kichefuchefu changu, nikuambie ziwa liko wapi.

Liliane Gwiza, Idara ya Lugha