Mdomo wa Kasuku

Dada: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

Koplo: Ni mimi.

Dada: Mimi nani? Akina mimi tuko wengi.

Koplo: Mdogo wako, dada. Nimeazima simu ya nesi wa wodi, na salio lake dogo, kwa hiyo usini—

Dada: Jamani, Koplo wangu! Hata shikamoo umeisahau?

Koplo: Shikamoo.

Dada: Marahaba. Mkono unaendeleaje?

Koplo: Upi? Uliopo au ule usiokuwepo?

Dada: Mbona umeamka na maneno makali hivyo?

Koplo: Nani aligusa kichwa changu jana?

Dada: Kichwa? Umeanguka?

Koplo: Kichwa cha udongo, dada! Kile ninachokifinyanga huku hospitalini, kwenye karakana ya mwalimu wa ufinyanzi. Asubuhi nimefunua kitambaa, nakuta kimeota mdomo.

Dada: Aa, kile! (anacheka) Umeuona? Umekaa vizuri, eeh?

Koplo: Kumbe ni wewe.

Dada: Nani mwingine? Wewe umeenda kubadilishiwa bendeji, mimi nimeachwa na lile dude linanitolea macho. Pua ipo, masikio yapo, tena ya kutosha watu wawili, mdomo hakuna. Nikasema maskini, mkono wa kushoto umemchosha. Nikalowesha kidole, nikakumalizia.

Koplo: Nani alikuomba?

Dada: Mimi fundi cherehani, bwana. Kwangu nguo haitoki bila kifungo.

Koplo: Ile siyo nguo! Miezi miwili, dada! Miezi miwili na mkono ambao hata kijiko ulikuwa haujui kushika. Sikio moja limenilia wiki nzima!

Dada: Si ndiyo maana nikakusaidia? Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji—

Koplo: Malizia.

Dada: Mdogo wangu, nisamehe. Huu ulimi wangu huu—

Koplo: Hakivunji chawa. Mimi ninavyo vitano na chawa bado wananishinda.

Dada: Usinichekeshe wakati una hasira, mimi sijui nishike lipi.

Koplo: Sikuchekeshi.

Dada: Basi na mimi niseme, maana limenikaa hapa kooni. Kila Jumapili mimi na mama tunapanda basi saa tatu nzima. Tukifika, wewe ni ndiyo, hapana, sijui. Mama usiku ananiuliza, "Mwanangu ameongea leo?" Namwambia ameongea. Uongo mtupu! Halafu mwalimu wako ananiambia kumbe ukiwa na udongo unanong'ona mpaka basi. Askari mzima unachezea matope, na sisi ndugu zako unatutazama kama ukuta!

Koplo: Udongo hauniulizi kama nimelala vizuri.

Dada: Nini? Unakatika-katika!

Koplo: Nimesema udongo hauniulizi maswali! Sikia. Saa nne mwalimu anakusanya kazi za kukaushwa kwa ajili ya tanuri. Kikishakauka ndiyo basi, hakirekebishiki. Kwa hiyo nakiponda. Nakirudisha kwenye ndoo, na karakana sirudi tena.

Dada: Kwa sababu ya mdomo? Acha ujinga— Subiri. Mteja kaja. Kaka, suruali yako ile pale imetundikwa, ya bluu! Haloo? Kwani hicho kichwa ni cha nani?

Koplo: Cha mtu.

Dada: Mtu gani asiye na mdomo?

(mtandao unakwaruza)

Dada: Haloo? Upo?

Koplo: Kasuku.

Dada: Kasuku? Yule mwenzako uliyekuja naye likizo? Aliyeongea tangu anavua viatu mlangoni mpaka anavivaa?

Koplo: Huyo huyo.

Dada: Mungu wangu. Yale masikio. Mbona sikumtambua? Alikuwa na wewe? Siku ile ya mlipuko, ndani ya gari?

Koplo: Alikaa kulia kwangu.

Dada: Hukuwahi kusema.

Koplo: Sikuwahi kusema chochote. Njia nzima anaongea, dada. Ng'ombe wa shemeji yake kaingia kanisani, sijui kafanya nini. Jua kali, kichwa kinanigonga. Nikamwambia—

Dada: Ukamwambiaje?

Koplo: Nikamwambia, Kasuku, hebu funga huo mdomo hata dakika moja. Akafunga. Haikufika dakika.

Dada: Oo, mdogo wangu. Pole. Pole sana, baba.

Koplo: Sikuuacha mdomo kwa sababu nimechoka. Kila nikiuweka unatoka umefungwa. Naufuta. Naweka tena, umefungwa. Nikaona heri akae bila. Halafu wewe unakuja na kidole chako, unampiga mstari mmoja kama pindo la suruali! Nimefunua kitambaa, amenyamaza. Amenitii tena, dada!

Dada: Sikujua. Wallahi sikujua.

Koplo: Najua hukujua! Hilo ndilo linaloniudhi, hata wa kumgombeza sina.

Dada: Nigombeze mimi, nimezoea. Ila nisikilize. Udongo bado mbichi?

Koplo: Nimeufunika kitambaa chenye maji.

Dada: Basi kuponda kwa nini? Mimi nikikosea mshono sichomi nguo moto, nafumua. Fumua hapo nilipoziba. Mfungue mdomo.

Koplo: Nitaharibu.

Dada: Mimi nimeshaharibu, huna cha kuogopa. Mfungue kama alivyokuwa mezani kwetu, na chakula kikiwa bado mdomoni.

Koplo: (anacheka kidogo, anaacha) Alikuwa na pengo juu hapa.

Dada: Nalikumbuka. Alinirushia mate mimi. Weka na pengo.

Koplo: Mkono huu wa kushoto haujui vitu vidogo.

Dada: Utajua. Saa ngapi sasa?

Koplo: Nne kasoro kumi.

Dada: Na bado umeshika simu? Nenda!

Koplo: Nesi anadai simu yake. Dada—

Dada: Nini tena?

Koplo: Mwisho wa kisa cha yule ng'ombe sikuusikia.

Dada: Jumapili tutaubuni. Nenda, mwalimu atakichukua!

Koplo: Haya. Halafu akikuuliza mama leo usiku, mwambie nime—

Dada: Ume nini? Haloo? Koplo? Imekata. Haya. Nitamwambia umeongea.