Usiku Ambao Kompyuta Haikuuhesabu

Benchi letu liko mtaa wa Gerezani, chini ya bati mbele ya maduka ya vipuri, na jioni hiyo wingu jeusi lilikuwa limeinama upande wa Jangwani. Awadhi, muuza kahawa wetu, alikuwa akimimina. Injinia, muuza bolti, na Wakili, ambaye hajasomea sheria ila kesi za mtaa mzima anazijua, walikuwa wamemweka katikati Elimringi, tunayemwita Meneja. Ofisi yake inaendesha mafunzo ya wakunga, na yeye ndiye anayepanga malazi.

— Kompyuta ilisema sifuri, Meneja alisema. Naandika tarehe ya kuanza na ya kumaliza, yenyewe inatoa, inaniletea idadi ya usiku wa kulala. Kwa wale wa Kibaha, wanaofika asubuhi, haijawahi kunitupa.

— Sasa? Wakili aliuliza.

— Mafunzo haya ni ya siku moja. Kesho tu. Kesho toa kesho, sifuri. Sikukodi hata chumba kimoja, na watu wanatoka Tunduru, lazima wafike leo na walale. Wameshashuka kwenye basi.

— Gesti si zipo?

— Nimepiga simu zote mpaka Upanga. Zimejaa wafanyabiashara wa mikoani.

Injinia akajikuna kidevu.

— Hiyo mashine ya Ulaya, bwana. Kule kuna miezi jua halizami. Usiku itaujulia wapi?

— Wewe nawe, Wakili akamkata. Hiyo njama. Kuna mtu anakitaka kiti chako, Meneja. Kaingia humo kwa simu, kaula usiku.

— Basi hataishia hapo, alisema Awadhi. Leo usiku mmoja, mwakani Ramadhani nzima.

— Jamani, mnanitisha. Mmoja ana kichanga. Na mvua hiyo inakuja.

— Tulia, Wakili alisema. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa hata ya kwanza hawajamaliza. Huna kesi.

Simu ya Meneja ikaita. Akaifunika gotini kwa kiganja mpaka ikanyamaza.

Tone la kwanza lilipodondoka, mama mmoja akasimama mbele yetu, mtoto mgongoni, begi mkononi. Wenzake watano walikuwa wamejibanza kwenye baraza la duka lililofungwa.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Mlinzi wa ofisini katuelekeza kwa kaka Meneja. Eti kaka, huyu mtoto nimlaze wapi?

Injinia akatazama wingu. Wakili akatazama ndani ya kikombe chake.

Kisha, mmoja mmoja, tukainuka kwenye benchi, tukamwachia amlaze mtoto.